Fomu ya Meno Ndani ya Jeneza

Mlionitumia salamu za pole baada ya ndama kula ile fomu ya kwanza, nawashukuru kwa moyo wote. Ila msizimalize pole zenu, wasomaji wangu. Za leo zinahitaji akiba.

Kwa anayeingia sasa: mimi ni Dympna Geraghty wa Kilderrig, mke wa Malachy, mama wa Sorcha. Miaka minne iliyopita meno ya binti yangu yalikuwa yamepandana kama watu wanaogombea mlango. Daktari Tuohy, daktari wetu wa meno, alimfunga nyaya za kuyanyoosha, juu na chini. Ili kulipa bili, Malachy akauza kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakili majani, yaani kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta na kukunja kwa mikono. Alimuuzia jirani yetu Packie Lavin, kisha akawaambia watu wote kwamba haipigi tena kwa sababu bega linamuuma.

Bega lake ni zima kabisa. Nalijua, nalala karibu nalo. Usingizini vidole vyake hupiga nyimbo mgongoni mwangu mpaka alfajiri, nami sisikii hata noti moja.

Sasa serikali yetu ina huruma ya ajabu. Ukinyooshwa meno, inakurudishia sehemu moja ya tano ya gharama kwenye kodi yako. Ukizibwa jino, hupati kitu. Ukisafishwa, hupati kitu. Dada wa ofisi ya kodi alinifafanulia kwenye simu kwa sauti ya upole kabisa.

"Kung'oa ni jambo la kawaida, Bibi Geraghty. Kunyoosha si la kawaida. Sisi tunarudisha kwa yasiyo ya kawaida."

"Basi njooni nyumbani kwangu," nikamwambia, "mtanirudishia kila kitu."

Hakucheka. Akanieleza kwamba daktari lazima asaini fomu, na kwamba dai la mwaka ule linakufa mwisho wa Desemba hii.

"Na fomu ikishasainiwa usitutumie," akasema. "Itunze wewe. Siku tukiitaka tutakuomba. Ukikosa kuionyesha, unarudisha fedha na adhabu juu."

Daktari Tuohy, Mungu amrehemu, alikuwa na mikono miepesi kuliko manyoya, lakini kusaini karatasi kulimshinda. Kila nikienda, "Baada ya Pasaka, Dympna." Pasaka zikaja zikapita. Aliposaini ya kwanza, ndama akaila, mnajua. Ya pili alinisainia Ijumaa, siku moja baada ya Krismasi. Nikaitia kwenye bahasha nyeupe, bahasha kwenye mkoba, na mkoba nikalala nao.

Packie alikuwa ameniahidi kuitunza kodiani mpaka Mwaka Mpya. Fedha ya kodi ingetosha kuikomboa. Malachy hakujua lolote, maana nilitaka aamke asubuhi ya Mwaka Mpya aikute juu ya meza ya jikoni, mahali pa chai yake. Kwa miaka minne nimeishi kwa ajili ya asubuhi hiyo.

Hapo ndipo niliwaacha wiki iliyopita: fomu ninayo, nasubiri Jumatatu tu nipeleke dai.

Jumapili daktari akafa.

Dada yake Philomena, aliyemtunzia nyumba maisha yake yote, alimkuta amelala kwenye kiti cha wagonjwa, taa imemmulika usoni, mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa anamtibu. Alikuwa amejipumzisha tu mahali alipokuwa akitupumzisha sisi.

Jumatatu mchana Kilderrig yote ilikuwa kwenye foleni mlangoni kwake. Mimi na Malachy tukiwamo, nguo nyeusi, viatu vimepigwa rangi. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na bahasha mbili nyeupe: moja ina fomu, nyingine ina kadi ya Misa ya kumwombea marehemu, nilitoka kuichukua kwa Padre.

Foleni iliingia kwa mlango wa mbele, ikapita chumba cha kusubiria, alipolazwa daktari chini ya picha ya jino lililooza, ikaishia jikoni kwenye chai, na kutokea mlango wa nyuma. Kadi za Misa kwa kawaida huwekwa kwenye kikapu. Philomena alikuwa na lake.

"Sitaki kikapu," alisema. "Muwekee mwenyewe, Dympna. Chini ya mkono. Aende nazo."

Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha, nikaichomeka chini ya mkono wa daktari. Nikasali kidogo. Nikamshika Philomena mkono.

"Pole kwa msiba wako, Philomena."

"Asante, Dympna. Sandwichi ziko jikoni."

Jikoni nikakaa na Concepta Heffernan, ambaye hujui anakula au anakuchunguza. Nikafungua mkoba nitafute leso.

Kadi ya Misa ilikuwa ikinitazama.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Nikaigeuza. Picha ya Bikira Maria, jina la daktari, saini ya Padre. Kwa hiyo kilichokuwa chini ya mkono wa daktari ni fomu ya kodi.

Mtasema, si ungeenda ukamwambia Philomena? Ninyi hamjawahi kukaa kwenye msiba wa Kilderrig. Kwetu msibani unaruhusiwa kusema kwamba unasikitika, kwamba marehemu anapendeza, na kwamba chai imetosha, huku ukisogeza kikombe kiongezwe. Mwanamke wa kusema "samahani, nimesahau karatasi ya kodi kwenye maiti" hajazaliwa katika parokia yetu. Mama yangu angefufuka anizabe kofi.

Nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikajipanga tena kwenye foleni.

Philomena aliponiona alikunja uso.

"Pole kwa msiba wako, Philomena."

"Ulishanipa pole, Dympna."

"Msiba wenyewe ni mkubwa."

Nikasogea kwenye jeneza. Nikaingiza mkono taratibu chini ya mkono wa daktari. Bahasha zilikuwa nyingi humo, zote nyeupe, zote laini. Nikawa napapasa moja moja, nikitafuta iliyo nene.

Ndipo Padre akaingia na rozari yake.

"Kwa jina la Baba," akasema, na nyumba nzima ikapiga magoti.

Nami nikapiga magoti pale pale. Mkono ukabaki ndani. Kuutoa kungeonekana, na kuuacha kulionekana vilevile. Rozari ya Padre wetu haina haraka. Anaongeza sala kwa ajili ya wasafiri, sala kwa ajili ya wakulima, sala kwa ajili ya mvua ikome. Muda wote huo mimi nimemshika daktari wa meno mkono, uso wangu umeloa jasho, na kutoka mbali jasho na machozi ni kitu kimoja.

Nilipoinua macho, chumba kizima kilikuwa kinanitazama mimi. Hakuna aliyekuwa anamtazama marehemu.

"Amina," alisema Concepta, akaivuta hiyo amina kama utambi.

Nikautoa mkono. Mtupu.

Kurudi jikoni, nikakuta habari zimenitangulia. Wanawake walinipisha njia. Mmoja alinimiminia chai na kunitilia sukari bila kuuliza, jambo tunalofanya kwa wajane tu.

"Ndiyo maana alikuwa haishi kwenda kwa daktari," nilimsikia Concepta akisema karibu na friji. "Kila wiki. Na meno yake hayana hata tundu."

"Masikini Malachy."

"Masikini kweli."

Nikamtafuta mume wangu. Alikuwa amesimama karibu na sinki, na watu walikuwa wamejipanga mbele yake. Walikuwa wanampa mkono mmoja mmoja.

"Pole, Malachy."

"Pole ya nini?" Malachy aliuliza. "Yeye si ndugu yangu."

"Ndiyo hivyo. Pole tu."

Nilimvuta pembeni. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Malachy, nilikuwa natafuta karatasi ya kodi."

"Ndani ya daktari?"

"Chini ya mkono wake."

Alinitazama kama anavyotazama ng'ombe aliyeingia shamba la mtu.

"Dympna, kama unataka kunidanganya, nidanganye kwa kitu kinachoingia akilini. Kodi!"

"Ni kweli tupu."

"Kwa rozari nzima? Mimi hujawahi kunishika mkono kwa rozari nzima. Siku ya harusi yetu ulinishika mpaka mlango wa kanisa."

Ningemwambia ni kwa ajili ya kodiani, asubuhi yangu ya Mwaka Mpya ingeharibika. Nikanyamaza. Kunyamaza kukanifanya nionekane mwenye hatia zaidi.

Hapo Tadhg Mulvey akagonga kikombe kwa kijiko. Tadhg ndiye mwenye baa yetu na ndiye anayetuzika. Hutuhudumia mwanzo mpaka mwisho.

"Jamani, nataka kuweka mfuniko. Lakini Philomena ameomba kwanza tuzitoe kadi, zisomwe majina, apate kuwaandikia ninyi nyote shukrani. Halafu zinarudi."

Nilikuwa nimesahau shukrani. Baada ya kila msiba, kila aliyetoa kadi huletewa ya kumshukuru, na asiyeletewa hukumbuka mpaka naye anazikwa. Lazima zisomwe.

Tukajazana tena chumba cha kusubiria. Tadhg akavaa miwani.

"Misa, kutoka kwa akina Heffernan. Misa, kutoka kwa Packie Lavin. Misa, kutoka kwa wachezaji wa timu ya chini ya miaka kumi na nne." Akafungua bahasha iliyofuata. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Matibabu ya meno yasiyo ya kawaida."

"Hiyo ni Misa gani?" Padre akauliza.

"Nyaya, Padre. Juu na chini. Mgonjwa ni Sorcha Geraghty. Nimethibitisha mimi, Aloysius Tuohy."

Nilisubiri ardhi inimeze. Haikunimeza, maana ilikuwa na kazi ya daktari kesho yake.

Kutoka nyuma, mzee mmoja akasema kwa uchungu wa kweli: "Amekusainia?"

"Ijumaa," nikasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilivishwa meno mawili ya mbele. Namfuata mwaka wa tatu." Akaingiza mkono kwenye koti la msiba, akatoa fomu yake, imekunjwa vizuri.

Mwingine akatoa yake. Concepta, huyo huyo Concepta, akaanza kufunga mkoba wake haraka, lakini niliiona pembe ya karatasi. Nusu ya Kilderrig walikuja kumuaga daktari na fomu mfukoni, kama vile angeamka kidogo awamalizie.

Nilisikia mtu anatetemeka kando yangu. Alikuwa Malachy. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda mabegani, kikamtoka mdomoni mbele ya maiti na Padre.

"Kodi," alisema, akifuta macho. "Mungu wangu, ilikuwa kodi." Na akanishika mkono. Hakuuachia, wasomaji wangu, na hapakuwa na kanisa wala rozari.

Ningewaambia mambo yaliishia hapo, ningekuwa mwanamke mwenye bahati, na mwanamke mwenye bahati hana sababu ya kuwaandikia.

Philomena alikuwa ameichukua ile fomu kwa Tadhg. Alikuwa anaitazama chini kabisa, kwenye saini.

"Ameandika jina lake lote," alisema. "Siku zote alikuwa anachora mstari tu."

"Nilimsumbua sana, Philomena."

"Hii ni ya Ijumaa. Baada ya hii hakuandika kitu tena." Midomo yake ikaanza kucheza. Tangu jana hakuwa ametoa chozi hata moja. Yakamwagika yote hapo, juu ya nyaya za juu na chini. "Hii ndiyo ya mwisho. Inakwenda naye."

Akairudisha mwenyewe chini ya mkono wa kaka yake.

Watu wakaguna kwa huruma. Mimi niliona kodiani inateremshwa kaburini kwa kamba. Nikafungua mdomo, nikasema jambo ambalo halijawahi kusemwa msibani Kilderrig.

"Pole kwa msiba wako, Philomena, lakini nipe fomu yangu."

Kila mtu alitazama sakafu. Hata Padre.

Philomena alikausha uso kwa leso, akaikunja leso vizuri, akaiweka kwenye mkono wa sweta.

"Unaitaka sana?"

"Naitaka sana. Siwezi kukueleza kwa nini."

Akafikiri. Yeye naye ni mtu wa Kilderrig, hawezi kutoa kitu bila kupokea.

"Aloysius alikuwa akifungua dirisha la kliniki jioni akisikia kodiani ya mumeo kutoka ng'ambo ya uwanja. Mgonjwa kinywa wazi, yeye anasikiliza. Miaka hii minne amekuwa akiniuliza, bega la Malachy halijapona tu?" Akamgeukia mume wangu. "Mpigie kesho kaburini. Wimbo mmoja. Ukimpigia, Dympna ataichukua fomu yake kabla jeneza halijashuka. Usipompigia, inashuka."

Mnaona kitanzi hicho? Ili nipate kodiani, nahitaji fomu. Ili nipate fomu, nahitaji kodiani.

Malachy aliuachia mkono wangu. Alivua kofia, na nilijua, kwa jinsi alivyoishika, kwamba atasema kitu kinachomuuma.

"Bega langu halina kitu, Philomena," alisema. "Kodiani niliiuza. Ndiyo iliyolipa hizo nyaya."

Mwanaume wa kwetu yuko radhi aseme ameua kuliko aseme ameuza. Niliumia kwa ajili yake, na nilimpenda kuliko siku yoyote tangu tuoane. Asubuhi yangu ya Mwaka Mpya nikaitupa hapo hapo.

"Haijaenda mbali," nikasema. "Iko kwa Packie. Ameitunza mpaka Mwaka Mpya, fedha ya kodi ilikuwa ya kuikomboa. Nilitaka uikute mezani, Malachy. Packie atatuazima kwa kesho tu. Si ndiyo, Packie?"

Macho ya Malachy yalijaa. Chumba kizima kikageuka kumtafuta Packie Lavin.

Packie alikuwa karibu na mlango, sandwichi mkononi. Hakuwa anaitafuna.

"Packie?"

"Nilidhani mnajua," alisema.

"Tunajua nini?"

"Mpwa wangu Fiachra alikuja Krismasi kutoka Boston. Akaiona, akaiomba. Nikamwambia hapana, nimemuahidi Dympna. Akasema, usihofu, mjomba, inabaki kwenye familia ile ile." Packie akaiweka sandwichi juu ya magazeti ya wagonjwa. "Sasa mtu akiniambia hivyo, mimi ningefanyaje? Nilidhani mmeshakaa mkakubaliana."

"Familia ipi, Packie?" Malachy aliuliza.

"Yenu."

"Iko wapi hiyo kodiani sasa hivi?"

"Njiani kwenda Shannon. Ndege ya saa kumi." Akajipangusa vidole kwenye koti. "Sorcha ndiye anaendesha gari, na naye anapanda ndege hiyo hiyo. Alisema mmeshaagana."

Tuligeuka sote kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imesimamishwa tangu daktari alipokufa, kama tunavyofanya, na hakuna aliyejua ni saa ngapi.

Sorcha wangu aliniaga asubuhi hiyo, anakwenda Galway kwa rafiki yake, siku mbili. Nilimuuliza sanduku kubwa hivyo ni la nini. Akacheka, meno yote nje, yamenyooka mstari mmoja, mazuri mpaka nikajisifu moyoni. Kisha akanibusu, akafika getini, akarudi akanibusu tena.

Nilidhani ni kwa sababu ya Krismasi.